Jina Moja Mbele ya Kitabu

Sogeeni, sogeeni. Mwenye karanga azipitishe kwa wenzake, mwenye simu aizime, maana kisa hiki hakisikilizwi kwa sikio moja.

Palikuwa na wanawake watatu pale Muheza, mji wa machungwa, na kila mmoja alipewa na Mungu kitu ambacho wenzake hawakupewa.

Wa kwanza ni Mgeni, muuza mitumba. Yeye alipewa kumbukumbu. Si kumbukumbu hii yetu ya kuunguza maharage. Ukimuuliza arusi ya binti wa Shekilaghe bibi arusi alivaa viatu gani, atakutajia viatu, atakutajia aliyeviazimisha, na atakwambia kisigino cha kushoto kiliachia akiwa wapi. Watu wenye siri zao wakimwona Mgeni anakuja walikuwa wanavuka barabara.

Wa pili ni Salha, msusi. Yeye alipewa mikono isiyojua kudanganya. Mdomo wake una adabu zote, unaweza kukusifia hata gauni lililopasuka. Lakini msimulie jambo huku anasuka: likimwingia moyoni mikono inasimama yenyewe, na likiwa la uongo au halina uhai, vidole vinakwenda tu, shwa shwa shwa. Wanawake wa mjini walikuwa wakienda pale kumsimulia visingizio vya waume zao. Mikono isiposimama, wanarudi nyumbani kuanzisha kesi.

Wa tatu ni Bi Kibibi, mjane wa stesheni masta. Yeye alipewa mdomo. Mdomo wa kumrudisha mgeni aliyekwisha vua viatu, na huyo mgeni akaondoka akishukuru.

Katikati yao alikuwapo Mwanahija, mwalimu wa jiografia. Mgeni ni mdogo wake, tumbo moja. Salha ni shoga yake tangu wakiwa wanagombania kamba ya kuruka. Bi Kibibi ni mama mkwe wake, na wanaishi nyumba moja.

Sasa huyu Mwanahija, pamoja na ramani zake na mistari ya mvua, alikuwa na jambo lingine. Alikuwa anaandika. Na si kuandika barua. Aliandika kitabu kizima cha vijana, cha mambo ya ajabu, cha msichana anaitwa Zawena ambaye akiinama jikoni makaa ya moto yanaongea naye. Makaa yanamwambia nani kalala na njaa, nani kaficha nini mvunguni. Mwisho wa kitabu Mlima Ngurumi unataka kuteketeza mji wa Mavumbini, Zawena anaingia ndani ya mlima na kuupa sauti yake ili ulale. Mlima ukachukua sauti, ukamtema bubu, ukafunga mlango wake milele.

Jamani, kitabu kile kilisomwa! Wanafunzi walikisoma chini ya dawati wakati wa hesabu. Wasichana wakawa wanainamia majiko ya mama zao, nywele zinanuka moshi. Kondakta mmoja wa basi la Tanga alimpa Mwanahija kiti cha mbele bure kwa sababu binti yake kalia siku nzima juu ya ukurasa wa mwisho. Nakwambia mji mzima ulijivuna, hata wasiojua kusoma waliinua mabega.

Halafu wakaanza kudai. "Mwalimu, Zawena atasema lini?" "Mwalimu, cha pili kiko wapi?" Mchapishaji wa Dar es Salaam naye akapiga simu: cha pili, cha pili. Mwanahija akajibu kwa furaha kwamba kinakuja.

Kikamshinda.

Watu wanadhani kitabu cha pili ni rahisi kwa kuwa watu unao na mji unao. Mwanahija alikuwa akimwambia mumewe Mbwana kwamba ni sawa na kurudi kwenye nyumba uliyoijenga mwenyewe ukakuta umejifungia nje. Sauti imo mlimani. Mlango umefungwa, na yeye ndiye aliyeandika "milele" kwa mkono wake, watoto wameisoma, hawezi kuirudisha. Akajaribu kumletea Zawena pacha aliyepotea. Akaona aibu. Akajaribu kusema yote ilikuwa ndoto. Akajidharau wiki nzima. Na wasomaji hawakai wakamngoja: aliowaacha wana miaka kumi na miwili sasa wameota ndevu, wengine wanaandikiana barua za mapenzi. Kila mwezi unaopita wanazidi kumtoka.

Mwanahija alikuwa na desturi yake. Kila sura aliyoandika aliisoma kwa sauti Jumapili alasiri uani kwa Salha, wanawake wakiwa wamekaa mkekani wanasukwa. Alipachagua pale kwa ujanja: mtu aliyesukwa nusu kichwa twende kilioni na nusu kichwa matimutimu hawezi kuondoka hata hadithi ikimchosha. Na mikono ya Salha ndiyo ilikuwa mizani yake. Siku aliyosoma kile kisa cha bibi yake Zawena, mikono ilisimama hadi magharibi, na mke wa fundi saa akaenda nyumbani na kichwa nusu, amejifunga khanga.

Basi Jumapili moja Mwanahija akafika pale mikono mitupu. Hana sura. Akakaa mkekani akaanza kulia, mtu mzima, mbele za watu.

"Nimekwisha," akasema. "Sina cha kuwasomea."

"Mwalimu mzima unalia kama umenyimwa chai," akasema Bi Kibibi, aliyekuja kuchanwa mvi zake.

"Mama, we acha tu. Naapa kwa jina la marehemu baba yangu, mwanamke atakayenitoa humu nilimo, kitabu hiki ni chake. Jina lake nitaliweka pale mbele, kwenye tabaruku, peke yake, na hakuna jina lingine litakalokaa nalo."

Mke wa fundi saa akasema, "Weee, usiape hivyo." Lakini alikwisha apa. Na walikuwapo wote, Mgeni, Salha na Bi Kibibi, na wote wana masikio.

Mgeni ndiye aliyeanza. Alimfuata dada yake shuleni akiwa amebeba furushi la masweta kichwani, akamkuta chini ya ubao amejaa chaki.

"Dada, nina swali, usinicheke. Yule beberu alitokea wapi?"

"Beberu gani?"

"Beberu wa bibi yake Zawena, mwenye pembe moja. Aliingia naye mlimani, Zawena akamfunga kwenye jiwe ndani kule. Halafu mlango ukafungwa milele, Zawena katemwa peke yake. Sasa kwenye karamu ya mwisho beberu huyo huyo anatafuna majani ya migomba waliyoandalia pilau. Nilinyamaza nisikuaibishe."

Mwanahija akaweka chaki chini. Akachukua kitabu mezani, akafunua. Kweli. Alimsahau beberu mlimani, kisha akamrudisha karamuni kwa sababu tu alipenda karamu yenye beberu. Maelfu ya watu wamesoma, mhariri kasoma, hakuna aliyeona. Akajiinamia. Alipoinua uso alikuwa anacheka, machozi yanachuruzika.

"Mgeni! Kama beberu alitoka…"

"…basi kuna pa kutokea," Mgeni akamalizia. "Mlango umefungwa milele, sawa. Lakini mbuzi hajui milele. Mbuzi katafuta upenyo."

Wakakumbatiana, masweta yakamwagika darasani. Kosa la uzembe likageuka njia. Zawena atamfuata beberu. Kitabu cha pili kikapata mguu wa kuanzia, na Mwanahija akaandika msimu mzima wa machungwa bila kukwama.

Salha akafuata. Mwanahija alimaliza kitabu, akapeleka mswada wote uani, akausoma Jumapili baada ya Jumapili. Wanawake walipiga vigelegele kila beberu alipotokea. Mwanahija hakuwatazama wao. Alitazama mikono. Na mikono, ndugu zangu, haikusimama hata mara moja. Shwa shwa shwa, mwanzo hadi mwisho.

Wanawake walipoondoka, akamkabili.

"Shoga, sema."

"Kizuri," akasema Salha. "Lugha tamu."

"Salha. Sema."

Salha akaweka kitana chini. "Huyu mtoto alitoa sauti yake kuwaokoa watu wa Mavumbini. Sasa wanaimba kila siku, wanagombana, wanaitana sokoni, yeye bubu. Na kitabu kizima hana kinyongo na mtu! Anatabasamu tu na mbuzi wake. Mimi ningewachukia wote. Ningemchukia hata mama yangu akinifungulia mdomo kuniita nile. Umemwandika kama bado ana miaka kumi na miwili. Amekua, Mwanahija. Amekua na ana hasira, nawe unamwogopa."

Mwanahija akasimama. "Wewe msusi unanifundisha kuandika?"

"Umeniuliza."

"Nimekoma kukuuliza."

Na hapa ndipo Muheza ilipopata cha kuzungumza. Jumapili iliyofuata Mwanahija alionekana, mchana kweupe, amekaa kwa msusi mwingine kule karibu na stendi, kichwa kimeinamishwa. Jamani! Mtu anaweza kuachana na mume watu wakasema yatakwisha, lakini kubadili msusi! Wanawake wakasema Salha kamvunja nywele, wengine wakasema ana kijicho, na wateja wakaanza kumpungua. Salha hakujitetea. Hakumwambia mtu hata mmoja kwamba kosa lake lilikuwa kusema kweli alipoulizwa. Angesema, ingejulikana kitabu cha shoga yake ni kibovu.

Mwanahija aliupeleka mswada ule hadi posta, akasimama kwenye foleni, akaona wasichana wawili wa kidato cha tatu wanagombana. Mmoja anamfokea mwenzake, "Nilikufichia siri yako nikachapwa mimi, na wewe hata asante hukusema!" Uso umemvimba kwa uchungu. Mwanahija akamtazama yule mtoto, akamwona Zawena. Akatoka kwenye foleni na bahasha yake kwapani, akaenda moja kwa moja uani kwa Salha, akakaa mkekani, akafungua khanga ya kichwa. Salha akatazama ususi wa stendi, akasonya.

"Nani kakuchora mistari hii, sungura?"

"Fumua zote," akasema Mwanahija. "Nami nakwenda kufumua changu."

Ndipo zamu ya Bi Kibibi ikafika. Kufumua kitabu kizima kunataka muda, na muda mwanamke wa Muheza anautoa wapi? Kuna shule. Kuna msiba wa huku, arobaini ya kule, kitchen pati, mtoto wa jirani katoka jandoni, wifi kajifungua. Usipotokea msibani leo, kesho ukifiwa utalia na kuku wako. Mwanahija akaandika ukurasa, akaitwa kupeta mchele. Akaandika nusu ukurasa, akaitwa kumjulia hali mgonjwa. Hasira ya Zawena ikawa inapoa kama ugali.

Bi Kibibi alimtazama siku moja akiandika huku amesimama, kalamu mkono mmoja, mwiko mkono wa pili.

"Mwanangu, ingia chumbani ufunge mlango."

"Mama, leo ni msiba kwa kina Mntambo."

"Nimesema ingia. Watu niachie mimi."

Akatoka yeye na ungo kichwani. Kule msibani wakamuuliza, "Mkweo yuko wapi?" Sasa angesema anaandika kitabu, wangemla nyama: kumbe maiti haina maana, hadithi za watoto ndizo zina maana! Jina la Mwanahija lingechafuka, na mwalimu akichafuka jina hana tena kazi. Bi Kibibi akalijua hilo. Akanyoosha shingo akasema, "Nimemkataza mimi. Nyumba yangu, amri yangu. Anashinda anasugua sakafu."

"Ha! Kibibi, umekuwa hivyo?"

"Hivyo hivyo. Na ukiuliza tena nitamwongezea madirisha."

Akaenda kila msiba, kila arusi, akapika yeye, akapeta yeye, na magoti yale yanavyomuuma. Na mji ukamgeukia. Wakasema Kibibi kawa mchawi wa mkwewe, kamfunga ndani kama mfungwa. Watu aliowapokea watoto wao kwa mikono yake wakaacha kumsalimia. Kwenye maulidi wakamwachia nafasi kubwa mkekani, hakuna wa kukaa ubavuni mwake. Akirudi nyumbani anasimama nje ya chumba, anagonga taratibu. "Huyo msichana amefika wapi?" "Amemsukuma mama yake, Mama." "Vizuri. Na mimi ningemsukuma. Chai hii hapa." Hakusema neno juu ya maulidi.

Kitabu kikaisha. Mwanahija akakisoma uani, wanawake wamejaa hadi kwenye ngazi. Alipofika pale Zawena, bubu, anaandika kwa kaa la moto ukutani mwa soko, NIRUDISHIENI, mikono ya Salha ilisimama. Ikasimama kitana kikiwa kimenasa kwenye nywele za mtu, na mwenye nywele hakupiga kelele kwa sababu naye alikuwa analia. Nimesikia visa vingi maishani, lakini kile, wallahi, kilikuwa kisa. Kilikuwa kimewakuta wale watoto wa juzi pale pale walipo leo, na ndevu zao na vinyongo vyao.

Mhariri wa Dar es Salaam akapiga simu asubuhi. "Mwalimu, hongera, tumelia ofisi nzima. Jioni kinaingia mtamboni. Kimebaki kitu kimoja, ule ukurasa wa tabaruku uko mtupu. Nitakupigia saa kumi unitajie jina."

Hapo Mwanahija akakumbuka kiapo chake.

Mbwana akasema, "Mke wangu, si uweke yote matatu?"

Bi Kibibi akajibu kutoka jikoni, "Kiapo si mkate, mkakatiana slesi. Kaapa kwa jina la baba yake, jina moja, peke yake. Nilikuwapo." Kisha akashusha sauti. "Na usiweke langu, mimi mtu mzima nitalifanyia nini." Lakini Mwanahija akaona vile alivyogeuka ukutani. Mwanamke yule alikuwa hana njia nyingine duniani ya kuwaambia watu wa Muheza kwamba hakuwa mchawi. Jina lake mbele ya kitabu, basi mji ungeelewa kila kitu, na ubavu wake mkekani ungejaa.

Adhuhuri Mgeni akapita na furushi lake. "Dada, nasikia mnataja majina leo. Mimi usinifikirie, nimezoea. Tangu utoto magauni yangu yote yalikuwa yako kwanza. Hata daftari zangu zilikuwa na jina lako limekatwa juu." Akacheka. "Mpaka leo nauza nguo zilizovaliwa na wengine. Sijawahi kuwa wa kwanza kwa kitu." Akaondoka haraka, hata maji hakunywa.

Salha hakuja. Salha alileta salamu tu kupitia kwa mke wa fundi saa: "Mwambie nilisema kweli kwa sababu ni shoga yangu, si kwa sababu ya jina." Na mke wa fundi saa, hamumjui huyo, akaongeza la kwake: "Lakini Mwalimu, pale stendi ulipokaa kila mtu alikuona. Jina lake likikosekana kitabuni, watu watasema kumbe kweli ulimwacha. Wateja wake ndio hawatarudi tena."

Mji wenyewe ulikuwa umekwisha gawanyika. Sokoni walisema bila Mgeni asingepata pa kuingilia, angebaki analia mlangoni. Uani kwa Salha walisema kuingia si kitu, angeingia na kitabu maiti akakizika kwa aibu yake. Na wazee wachache waliobahatisha ukweli wakasema njia unayo, moyo unao, bila mwanamke aliyekubali kutukanwa ili wewe ukae kimya uandike, usingekuwa na hata ukurasa. Wote walikuwa na haki. Hiyo ndiyo taabu.

Saa kumi simu ikalia. Mwanahija akaipokea akiwa ukumbini. Jikoni sufuria ziliacha kugongana. Dirishani akaona furushi la mitumba limesimama barabarani, haliendi mbele wala nyuma. Na upande wa pili wa ukuta, kwa jirani, palikuwa na mtu aliyekuja kusuka nyumbani kwa mteja, na vidole vilivyokuwa vinasikika shwa shwa shwa vikanyamaza.

"Haya, Mwalimu," mhariri akasema. "Nitajie. Naandika."

Msinitazame mimi, mimi sikuapa. Wewe uliyekaa karibu na mlango, na wewe unayejifanya umesinzia: simu ingekuwa kwako, mhariri anangoja, wanawake watatu wanasikiliza, ungetaja jina la nani? Na hao wawili uliowaacha, kesho ukikutana nao njiani, ungewaamkiaje?